Ameacha Ngano, Mbona Tumbo Bado Linamsumbua?

Mama huyu alifika kwetu asubuhi ya siku ya kliniki, amejifunga kanga mbili, moja ameikaza tumboni ili kuficha jinsi lilivyovimba. Mtu asiyemjua angemuuliza mimba ina miezi mingapi. Hakuwa na mimba. Mimba mbili zilikuwa zimeharibika katika muda wa miaka mitatu, damu ilikuwa imempungua hata viganja vimekuwa vyeupe, na kuharisha kulikuwa jambo la kila wiki. Tulimfahamu vizuri, kwani ni mwenzetu katika umoja wa akina mama kanisani, na maandazi yake ndiyo tuliyokuwa tukinunua pale stendi kabla ya kuingia kazini.

Miezi minane kabla ya siku hiyo alikuwa ametoka Mwanza, katika hospitali ya rufaa. Huko walimpima damu, wakampitishia mpira mwembamba wenye kamera kinywani mpaka kwenye utumbo mwembamba, wakachukua kinyama kidogo na kukichunguza kwa darubini. Jibu likawa ni ugonjwa wa siliaki. Aliambiwa kwamba tiba yake ni chakula: asile ngano, wala shayiri, wala ile nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai, maisha yake yote. Aliporudi Tarime tulimfariji kwa kumwambia kwamba ana bahati ya kuwa mtu wa Mara. Wenzake wa Ulaya hulia kwa kukosa mkate, lakini sisi tuna ugali wa mtama na wa ulezi, tuna mihogo, viazi vitamu, na ndizi zinazoota mpaka nyuma ya choo. Atashindwaje?

Na sasa, miezi minane baadaye, amesimama mbele yetu na tumbo lilelile. Nyumbani hukumu ilikwisha kutolewa. Mama mkwe alisema mwanamke huyu anakula maandazi yake gizani, kwa hiyo ugonjwa anaujenga mwenyewe. Mume alikuwa hasemi kitu, lakini ng'ombe wa mahari walikuwa wameanza kutajwa tena katika mazungumzo ya jioni, na kila mwanamke aliyeolewa huku kwetu anajua maana yake. Na sisi wauguzi, tunaandika haya kwa aibu, tulimwuliza swali lilelile la mama mkwe: "Mama, sema kweli, hujaonja?"

Alitutazama kwa muda. Kisha akasema, "Dada zangu, hata ninyi?"

Ugonjwa wenyewe

Ndani ya utumbo mwembamba kuna vidole vidogo sana, vimejipanga kama nyuzi za zulia. Kazi yake ni kufyonza chakula na kukiingiza katika damu. Kwa mtu mwenye siliaki, mwili huiona protini iliyomo ndani ya ngano, iitwayo gluteni, kuwa ni adui. Askari wa mwili hupigana nayo, na katika vita hiyo vidole vile huvunjika na kulala. Basi mtu hula lakini chakula hakimfai. Huharisha, tumbo hujaa gesi, damu hupungua, mifupa hudhoofika. Mtoto hudumaa, na mwanamke anaweza kuchelewa kupata mimba au kupoteza alizozipata. Wengine hawaharishi kabisa, ila hutibiwa upungufu wa damu mwaka hadi mwaka bila kupona.

Msifikiri ni ugonjwa wa wazungu peke yao. Mwaka 1999 madaktari walichapisha habari za watoto wa Wasaharawi, watu wa jangwa la Sahara Magharibi; waliwapima watoto karibu elfu moja, wakaona zaidi ya watano katika kila mia wana siliaki. Chakula chao cha msaada katika kambi za wakimbizi kilikuwa kwa sehemu kubwa ni unga wa ngano.

Jinsi chanzo chake kilivyogunduliwa ni jambo la kutufundisha subira. Mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa Marekani aliwalisha watoto wagonjwa ndizi kwa wingi, nao wakanenepa. Akadhani ndizi ndiyo dawa. Kumbe siri ilikuwa katika kile ambacho watoto hawakula walipokuwa wakila ndizi. Huko Uholanzi daktari wa watoto, Willem Dicke, alikuwa akiishuku ngano tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945 njaa kali iliingia Uholanzi, mkate ukatoweka. Watoto wengine walikonda, lakini wale wenye siliaki walipata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 Dicke aliandika matokeo yake, na tangu hapo ngano ikajulikana.

Daftari la siku saba

Tulipokwisha kumwomba radhi mama yule, tulimpa daftari la shule. Tulimwambia aandike kila kitu kinachopita kinywani kwa siku saba, hata maji, hata dawa. Na si chakula tu, bali pia nani alikipika, kwa chombo gani, na unga ulisagwa wapi. Kisha wawili wetu tukaenda kushinda nyumbani kwake. Tunawashauri wauguzi wenzetu wafanye hivyo wanapoweza. Mgonjwa akiwa kliniki hukwambia anachokula. Ukiwa jikoni kwake unakiona.

Alikuwa akiamka saa kumi usiku kukanda unga. Hakuonja hata donge. Lakini unga ulipochekechwa ulisimama hewani katika kile kibanda kisicho na dirisha kama vumbi la barabara ya Sirari kabla haijatiwa lami, naye alikuwa akiuvuta na kuumeza. Alipomaliza maandazi, katika karai lilelile na mafuta yaleyale, alijikaangia vipande vya muhogo. Hicho ndicho kilikuwa kifungua kinywa chake, naye alijivunia kwamba si ngano. Mikono aliifuta kwenye kanga, si kwa sabuni. Mwiko wa ugali wake ndio uliogeuza chapati za watoto.

Wengi hudhani moto unaua kila kitu. Gluteni si mdudu, haifi kwa kuchemshwa wala kwa kukaangwa. Huondoka tu kwa kuoshwa kwa sabuni na maji.

Na kiasi kinachodhuru ni kidogo mno. Kipande kimoja cha mkate kina takriban gramu mbili za gluteni, yaani miligramu elfu mbili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 kwa siku, kwa muda wa miezi mitatu, zinatosha kuharibu utumbo wa mgonjwa. Unga wa ngano usiofika hata robo ya kijiko cha chai una kiasi hicho.

Lakini karai halikuwa jambo kubwa kuliko yote. Katika daftari, kila siku saa nne asubuhi na saa mbili usiku, ilikuwa imeandikwa: uji wa lishe, kikombe kikubwa. Tukamwuliza unga umetoka wapi. Akaenda chumbani, akarudi na mfuko, nasi tukautambua mwandiko uliokuwa juu yake, maana ulikuwa wetu. Umoja wa akina mama ndio unaosaga unga ule kwa ajili ya wajawazito na wagonjwa: mahindi, ulezi, soya, karanga, na kilo mbili za ngano, kwa sababu semina moja tuliyohudhuria ilitufundisha kwamba ngano huufanya uji uwe laini. Tulipomwona amekonda tulimwongezea mfuko wa pili. Tulimsisitiza asikose hata siku moja, naye alitii.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mama yule hakutulaumu. Alicheka, kisha akalia, kisha akatuomba jambo moja tu: twende tukamweleze mama mkwe wake sisi wenyewe, kwa midomo yetu. Tulikwenda siku ileile.

Mahali pengine ngano inapojificha

Baada ya hapo tulianza kuitafuta ngano kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka kwenye mkeka. Samaki wa kukaanga wa sokoni mara nyingi hupakwa unga wa ngano kwanza ili wasishike kwenye mafuta. Mchuzi wa hotelini huongezwa uzito kwa unga huohuo. Baadhi ya vikolezo vya pakiti, soseji na sosi ya soya vina ngano ndani yake, kwa hiyo soma maandishi yaliyo kwenye pakiti hata kama ni madogo. Bia ya kiwandani na vinywaji baridi vya kimea mara nyingi hutengenezwa kwa shayiri, na baadhi ya vinywaji vya unga wa kopo tunavyowapa watoto vina kimea hichohicho. Togwa ya kimea cha ulezi haina shida. Bulga, ambayo wazee wanaikumbuka kutoka chakula cha msaada, ni ngano tupu. Tambi pia.

Mashine ya kusaga nayo ina lake. Ukimfuata mtu aliyesaga ngano au unga wa lishe, kilo zako za kwanza zitatoka na mabaki yake. Mama yetu sasa hupeleka mtama wake alfajiri, kabla ya mashine kuanza kazi ya siku, na debe la kwanza humpa jirani. Mwenye mashine alimwona mkorofi mpaka tulipozungumza naye.

Tena kuna Meza ya Bwana. Wengi wetu hatukuwa tumeifikiria. Kipande ni kidogo, ndiyo, lakini ni ngano.  Kwa dada zetu Wakatoliki, barua ya Vatikano ya tarehe 24 Julai 2003 ilieleza kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haikubaliki kwa Misa, bali yenye gluteni kidogo sana inaruhusiwa, na mgonjwa anaweza pia kupokea kwa umbo la divai peke yake. Azungumze na padre wake mapema, si pale foleni inapokwenda altareni.

Wakati kosa haliko kwenye ngano

Tulipobadilisha haya yote, mama yetu alipata nafuu kwa wiki kadhaa. Kuharisha kukapungua, lakini gesi ikabaki, hasa jioni. Daftari likatusaidia tena: kila gesi ilipoandikwa, saa mbili kabla yake palikuwa na kikombe cha maziwa. Vidole vya utumbo vilivyovunjika ndivyo vinavyotengeneza kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Visipokuwepo, maziwa huchachuka tumboni. Kwa watu wengi wa jamii za wafugaji kama zetu, hali hii huisha utumbo ukipona. Alipumzika maziwa mabichi na yaliyochemshwa, akatumia mgando kidogo kidogo, naye akalala usingizi.

Tuseme pia habari ya kijana mmoja wa upande wa Mugumu, wilaya ya Serengeti, mwenye umri wa miaka sita. Mama yake alisikia habari za mgonjwa wetu, akaona dalili zinafanana, akamwachisha mtoto ngano bila kwenda hospitali. Miezi minne ikapita, mtoto bado anaharisha choo chenye mafuta na harufu mbaya. Alipopimwa damu kwa ajili ya siliaki, majibu yakawa safi. Lakini majibu hayo hayakuwa na maana kubwa, kwa sababu kipimo kile kinahitaji mtu awe bado anakula ngano. Akiacha kwanza, alama za ugonjwa hufifia katika damu. Ndipo choo kilipopimwa, kikaonyesha giadia, kidudu cha maji machafu, pamoja na minyoo ya safura. Familia ilikuwa ikichota maji ya mto. Alipewa dawa kwa siku chache, na wazazi wakaanza kuchemsha maji. Leo anakula chapati kama wenzake.

Kwa hiyo mama, ukiona dalili zinaendelea, usikimbilie kusema mgonjwa anaiba chakula. Giadia na safura humpata pia mwenye siliaki wa kweli. Watu wa kando ya Ziwa Viktoria wapimwe kichocho cha tumbo. Kuharisha kunakozidi mwezi mmoja pamoja na kukonda kunadai kipimo cha virusi vya ukimwi, na homa za jioni zinadai kutafutwa kwa kifua kikuu, ambacho kinaweza kukaa tumboni bila kikohozi. Hata kile kinyama cha utumbo kinaweza kudanganya: watu wanaoishi muda mrefu kwa maji machafu huweza kuwa na vidole vya utumbo vilivyofupika bila kuwa na siliaki. Ndiyo maana daktari huweka pamoja damu, kinyama, na jinsi mgonjwa anavyoitikia chakula.

Na subira inahitajika. Kwa mtu mzima utumbo unaweza kuchukua miaka miwili au zaidi kupona sawasawa. Lakini kama mtu ameacha ngano kweli na bado anakonda, au anatoa damu katika choo, au maumivu yanamwamsha usiku, arudi hospitali kubwa asikawie. Kuna namna chache za ugonjwa huu zisizosikia chakula, na mara chache sana huingia saratani ya utumbo.

Muhogo nao una sharti lake

Ukaja mwezi wa ukame. Mama yetu alikuwa ameacha biashara ya maandazi, fedha zilikuwa zimepungua, mtama umeisha ghalani, na tulipolifungua daftari tuliona neno moja asubuhi, mchana na usiku: muhogo. Hapo sisi tuliozaliwa Tarime tuliingiwa na hofu ya aina nyingine.

Mwaka 1985, wakati wa ukame, katika sehemu moja ya wilaya ya Tarime, ambayo wakati huo ilikuwa bado haijagawanywa kupata Rorya, watu walianza kukakamaa miguu ghafla. Mtu alikuwa mzima, mara miguu yote miwili ikawa migumu kama miti, magoti yakigongana, vidole vikiburuta chini. Madaktari Howlett, Brubaker, Mlingi na Rosling waliwachunguza wagonjwa 39 na kuandika habari zao mwaka 1990 katika jarida la Brain la Uingereza. Ugonjwa ule ni konzo, neno la Wayaka wa Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Huwapata zaidi watoto na wanawake wenye umri wa kuzaa, na miguu ikishakakamaa hairudi tena.

Sababu yake ilikuwa katika chakula chenyewe. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na mama zetu walijua kuiondoa kwa kuloweka siku kadhaa, kuvundika na kukausha vizuri juani. Njaa ilipobana, siku zile zilifupishwa. Tena hapakuwa na samaki, nyama wala maharage ya kutosha, na mwili huhitaji protini ili kuivunja sumu ile.

Hatukumwambia mama yetu aache muhogo, kwani angekula nini? Tulimwambia asifupishe kuloweka, hata kama watoto wanalia. Tukamfundisha na njia ambayo profesa Howard Bradbury wa Australia aliieneza na ambayo akina mama wa Mtwara wamekwisha kuitumia: unga wa muhogo huchanganywa na maji mpaka uloe, hutandazwa juu ya sinia au mkeka safi kwa unene usiozidi sentimeta moja, huachwa kivulini saa tano, na sumu hutoka hewani. Kisha husongwa ugali jioni ileile. Umoja wetu ukatoa dagaa na maharage kila wiki mpaka mavuno. Safari hii tulichambua kila punje.

Alipofikia sasa

Maandazi sasa yanapikwa na wifi yake, katika nyumba nyingine, kwa karai lingine. Yeye huuza vitumbua vya unga wa mchele na viazi vitamu vya kuchemsha. Faida ni ndogo kuliko zamani, hatutaficha jambo hilo, na mwaka huu mtoto mmoja amechelewa kununuliwa sare. Kipimo cha damu alichorudia Mwanza kilionyesha kwamba vita ya tumboni inapoa, ingawa bado haijaisha. Viganja vimerudi rangi. Siku nyingine gesi humrudia, naye hulifungua daftari na kutafuta alikosea wapi. Siku nyingine hapati jibu, nasi hatupati.

Jumamosi huoka kipande cha mkate wa unga wa muhogo kwa ajili ya Meza ya Bwana. Mchungaji alikubali, na mzee wa kanisa humletea katika kisahani cha peke yake, kilichofunikwa kitambaa. Mara ya kwanza watu waligeuka kumtazama. Mara ya pili tulimwona mama mkwe wake akiingia mlangoni mapema, amekibeba kisahani kile kwa mikono miwili, huku akiwaambia wanawake waliokuwa wakipanga vikombe kwamba asiwepo wa kukigusa kama hajanawa kwa sabuni.